Laptopu imegoma kuwaka, nina memori kadi tu: naiokoaje?

SWALI: Habari fundi. Nina HP EliteBook used, i5 ya kizazi cha sita, Windows 10. Betri yake imekufa, juzi umeme ukakatika nikiwa naitumia, toka hapo ikiwaka inaandika Preparing Automatic Repair, inazunguka weee afu inarudi palepale. Fleshi sina, nina memori kadi ya simu ya 32GB na kile kiadapta chake. Nimeazima laptopu ya mwenzangu nikadaunlodi ISO ya Windows nikaikopi kwenye memori nikachomeka pembeni, haioni kitu. Ndani kuna ripoti yangu ya fildi na picha za harusi ya dada, fundi wa mtaani kwetu anasema apige Windows mpya tu yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na tafadhali huyo fundi asipige chochote kwanza. Windows mpya unaweza kuipiga siku yoyote lakini ripoti ikishafutwa kuirudisha ni kazi nyingine kabisa, na kama ndani kuna SSD (ile diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka) ndo usiseme, maana ukishaifomati SSD yenyewe inajisafishia zile sehemu na programu za kurudisha mafaili hazikuti kitu. Sa hivi kilichoharibika mara nyingi ni mafaili ya kuwashia Windows au mpangilio wa diski uliovurugika umeme ulipokata ghafla. Ripoti yako kuna uwezekano mkubwa iko palepale ulipoiacha.

Sasa kwa nini haikuona memori. Ya kwanza, ISO ni kama boksi lililofungwa, ukilikopi lilivyo kwenye kadi laptopu inaona faili moja kubwa tu, haioni kitu cha kubutia, yaani cha kuiwashia. Ya pili ni hicho kitundu cha pembeni, laptopu nyingi hazibuti kupitia hapo, kinafanya kazi Windows ikishawaka basi. Baadhi zinakubali lakini usipoteze muda kubahatisha, nunua kadi rida ya USB, vipo hadi vibandani wanapouza chaja, ukiweka memori humo laptopu inaihesabu kama fleshi ya kawaida. Kama unatumia na kile kiadapta angalia ubavuni kuna kiswichi kidogo kimeandikwa Lock, kikishuka chini kadi inagoma kuandikwa na watu wengi wanadhani imekufa. Na kama kadi ni ya bei ya kutupa, uwe na wasiwasi nayo, feki zipo nyingi, zinasoma 32GB kumbe ndani kuna 8GB. Programu ya H2testw itakwambia ukweli, iache iijaze kadi afu isome.

Kwenye laptopu ya mwenzako daunlodi Ventoy, programu ya kugeuza kadi au fleshi iwe ya kuwashia kompyuta. Mi naipendekeza kwako kuliko Rufus, nyingine ya kazi hiyohiyo, sio kwamba Rufus mbaya, ni nzuri sana, ila wewe unahitaji vitu viwili kwenye kadi moja, Linux Mint (mfumo wa bure kama Windows, unawaka kutoka kwenye kadi bila kuusakinisha) ya kuokolea mafaili na Windows ya kupigia baadae. Kabla ya yote hamisha picha za simu zilizoko kwenye hiyo memori kwa sababu itafutwa yote. Fungua Ventoy2Disk, kwenye Device hakikisha umechagua kadi, kadi ya 32GB itajionyesha kama 29GB hivi, ukiona mia mbili na kitu hiyo ni diski ya mwenzako usiiguse. Bonyeza Install, itakuuliza mara mbili, ukubali. Ikimaliza ndo unakopi ISO zako humo kama unavyokopi nyimbo, hapa sasa ile kopi yako inafanya kazi kwa sababu Ventoy ndo inaifungua. ISO ya Windows chukua tovuti ya Microsoft yenyewe, achana na hizi za kupeana zilizokrakiwa, huwezi jua mtu kaweka nini ndani. Ya Mint inakaribia GB 3, ya Windows inazidi 5, kwa hiyo jipange na bando.

Ukirudi kwenye laptopu yako izime kabisa, chomeka kadi rida, washa huku unagonga Esc mfululizo, itakuja menyu, bonyeza F9 uchague ile ya USB iliyo upande ulioandikwa UEFI. Wenye Dell na Lenovo wanatumia F12, Asus ni Esc, Acer ni F12 lakini mpaka uiwashe kwanza ndani ya F2. Ikikugomea na kuongelea Secure Boot, yaani ulinzi unaozuia kuwasha mfumo usiotambulika, ingia F10 uizime, HP watakupa namba nne uziandike afu Enter ili wajue ni mtu anabadilisha. Ila ngoja, kabla hujaizima jiulize kama diski ina BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski nzima. Kama uliwahi kuingia Windows na akaunti ya Microsoft inawezekana ilijiwasha bila we kujua, na ukigusa Secure Boot itadai ufunguo wa tarakimu 48. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa simu na akaunti ileile, ukiukuta uandike karatasini. Bila huo ufunguo diski iliyofungwa haisomeki, iwe Mint au kitu kingine chochote.

Mint ikiwaka utaona desktopu ya kawaida na kitufe cha Install Linux Mint. Hicho usikiguse. Fungua Computer, ingia kwenye diski ya Windows, Users, afu jina lako, kopi Desktop, Documents, Pictures na hasa Downloads, watu wanaisahau hii kumbe ndo kila kitu kiko humo. Peleka kwenye diski ya nje, au chomeka simu kwa waya, au ripoti ipandishe Google Drive kupitia Firefox ya humohumo. Usitegemee kuihifadhi kwenye memori hiyohiyo uliyobutia, itakusumbua. Diski ikikataa kufunguka Mint kwa madai Windows haikuzimwa vizuri, buti ile ISO ya Windows, ukifika kwenye kuchagua lugha bonyeza Shift na F10, kwenye kile kidirisha cheusi andika notepad, nenda File, Open, weka All Files, na hapo unaweza kuona mafaili yako yote na kuyakopi kwenda diski ya nje. Herufi zinaweza kubadilika, C ikawa D, usishtuke.

Ukiwa bado Mint fungua programu ya Disks, chagua diski ya laptopu, kwenye vile vidoti vitatu kuna SMART Data, ripoti ya afya ya diski. Ukikuta Reallocated au Pending Sector (sehemu za diski zilizoharibika) zina namba zinazopanda, au kukopi kunakwamakwama na diski inagonga, basi tatizo ni diski yenyewe, kupiga Windows juu yake ni kupoteza hela, nunua SSD.

Diski ikiwa nzima na mafaili umeshayatoa, jaribu kwanza kutengeneza. Buti Windows, chagua Repair your computer, Troubleshoot, Command Prompt, andika chkdsk C: /f, amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa diski, ukiwa umehakikisha hiyo ndo herufi ya diski yako. Kwa laptopu iliyozimika kwa umeme mara nyingi hii peke yake inaiamsha na huna haja ya kupiga upya.

Ikishindikana ndo upige. Chomoa ile diski ya nje yenye mafaili kwanza, nasisitiza, maana kwenye orodha ya sehemu za diski mtu anachanganya Drive 0 na Drive 1 na kazi yote inapotea dakika ya mwisho. Chagua Custom, fomati ile Primary kubwa ya Windows, kama una D yenye vitu iache. Swali ni upige ipi. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel ya kizazi cha nane, ya kwako ni ya sita. Kuna njia za kuilazimisha, inaingia, ila Microsoft hawakuahidi masasisho. Kwa kuandika ripoti, intaneti na muvi, mi ningekushauri ubaki na hiyohiyo Mint uliyoionja, labda kama chuo kinadai programu inayokubali Windows tu.

Ukiamua Windows, ikikuuliza product key bonyeza I don't have a product key na uchague toleo lilelile ulilokuwa nalo, Home au Pro. Kama ilikuwa na leseni halali, imefungwa kwenye mazabodi, ukiunga intaneti itajiaktiveti yenyewe, kwa hiyo fundi akikudai hela ya leseni mwambie asubiri kwanza uunge intaneti.