Mwanangu, kabla hamjajaza pamba mvunguni

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Jumapili kwenye simu nilikujibu nusunusu, ndiyo maana nakuandikia. Uliniambia sakafu ya nyumba yenu ya Germantown, hapo Louisville, ni ya baridi hata mtoto hatambai bila soksi mbili. Fundi amekuja, amepiga magoti kwenye kile kimlango cha nyuma, akamulika tochi mvunguni, yaani ile nafasi fupi iliyo kati ya udongo na sakafu, kisha akasema atajaza pamba ya faibaglasi katikati ya boriti za sakafu na kazi itakwisha kwa siku moja. Ukaniuliza: Baba, tukubali?

Msikubali kwanza. Simwiti fundi mwongo. Pamba hiyo nimewajazia watu mvunguni miaka kumi na moja hapa Kentucky, na niliijaza kwetu pia, katika ile nyumba ya Lexington uliyokulia. Unaikumbuka harufu ya kabati lako, ambayo mama yako alikuwa akiifukuza kwa udi? Ilitoka chini. Haikupita miaka miwili, pamba ikawa imelowa na kuning'inia, panya wamezaa ndani yake, na boriti mbili za chini ya bafu zimeoza kiasi kwamba bisibisi ilizama bila kusukumwa. Nilijua kujaza; sikujua kuuliza unyevu unatoka wapi. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukilala juu yake.

Kwa hiyo anzeni na maji. Mvua kubwa ikinyesha, tokeni nje mkatazame maji ya paa yanaangukia wapi. Bomba linaloteremsha maji ya paa likimwaga chini ya ukuta, lirefusheni limwage mita mbili mbali. Udongo unaouzunguka msingi ushuke kuelekea nje, kama inchi 6 kwa kila futi 10. Kazi hii haina fahari na haigharimu sana, lakini nimeona mivungu iliyokauka kwa hiyo peke yake.

Kisha kuna unyevu usioonekana, ule unaopanda kutoka kwenye udongo usiku na mchana. Huo huzuiwa kwa kutandika nailoni nzito juu ya udongo wote. Kipimo cha chini ni unene wa milimita 0.15, ila mahali ambapo mtu atatambaa juu yake nunueni nene zaidi. Vipande vipandiane inchi 6, maungio yazibwe kwa utepe wake, na kingo zipande ukutani zikagandishwe hapo. Boriti nazo zipimwe kwa kile kipima unyevu cha mbao chenye sindano mbili. Zikisoma zaidi ya asilimia 20, tafuteni sababu kabla ya kufunika chochote.

Sasa kuna jambo litakaloshangaza, hasa sisi tuliozoea nyumba za Tanga ambako upepo ndio dawa ya kila unyevu. Wajenzi wa zamani wa huku waliamini hivyohivyo, ndiyo maana msingi wenu una matundu ya hewa pande zote. Lakini hewa ya Julai ya Louisville yenye nyuzijoto 32 na unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 23 au chini ya hapo. Mvunguni, udongo na mabomba ya kiyoyozi huwa baridi kuliko hivyo. Basi matundu yanaingiza maji wakati wa joto, na wakati wa baridi yanaingiza upepo unaogandisha mabomba. Watafiti wa jimbo la North Carolina walilinganisha nyumba 12 zilizofanana katika mji wa Princeville. Nyumba zilizozibwa mivungu zilitumia umeme pungufu wa kupasha joto na kupoza, kwa asilimia 15 au zaidi, na mbao zake zilikuwa kavu kuliko za zile zenye matundu wazi.

Kwa nyumba yenu, basi, ningeacha sakafu nikahami kuta za msingi dhidi ya baridi. Hewa ya moto nyumbani hupanda ikatokea juu, na inapotoka huvuta nyingine kutoka mvunguni kupitia kila ufa na kila tundu la bomba. Pamba haizuii hewa hiyo, huichuja tu. Zibeni nyufa hizo, zibeni matundu, kisha bandikeni vibao vya foamu ngumu upande wa ndani wa ukuta, mkiacha wazi ukanda wa inchi 3 juu ili mkaguzi wa mchwa aone wakipanda. Foamu inashika moto, kwa hiyo chagueni ile iliyoidhinishwa kuachwa wazi mvunguni, au ifunikwe. Mvungu uliozibwa nao unahitaji hewa kidogo iliyokaushwa: ama kutoka kwenye mfumo wa nyumba, ama mashine ya kukausha hewa. Matofali yenu ni ya zamani. Palipomomonyoka katikati yake pajazwe mchanganyiko wa chokaa na mchanga, kama zile kuta za Pangani. Saruji kali huyapasua.

Mvungu wenu una kimo cha inchi 16 tu, na huku nyuma, ulivyosema, unapungua zaidi. Sehemu ambayo mtu hafiki asilazimishe. Chimbeni kidogo bila kugusa chini ya msingi, au subirini mpaka mtakapobadilisha sakafu ya chumba kile, mng'oe mbao mfanye kazi kutokea juu.

Na haya msiyapite. Kwanza, tazameni ramani za mafuriko za FEMA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia maafa. Mto Ohio ulifunika sehemu kubwa ya Louisville Januari 1937, na nyumba iliyo ndani ya eneo la mafuriko haiwezi kuzibwa yale matundu ya kupitisha maji bila ruhusa; hapo ushauri wangu wote unabadilika. Pili, pimeni radoni kabla na baada. Ni gesi isiyo na harufu itokayo ardhini, ya pili baada ya sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu Marekani, na ikifika 4 kwenye kipimo chao cha pikokiri kwa lita, marekebisho yanatakiwa. Tatu, kama hita ya gesi au tangi la maji moto viko mvunguni na vinavuta hewa ya humohumo, msizibe kitu mpaka fundi wa gesi aseme. Moshi ukirudi ndani, unaua watu usingizini. Nne, mkiona mabomba yamevikwa kitu cheupe kama karatasi za mikunjo, msikiguse, huenda ni asbesto. Na nyaya zilizoshikiliwa na vikombe vidogo vya kauri ni za zamani mno. Zisifunikwe na pamba wala foamu, zibadilishwe.

Muulize fundi maswali haya matatu: unyevu wa boriti ni asilimia ngapi, nailoni itaishia wapi, na matundu atayafanyaje. Akiyajibu, mwache aandike bei. Akisema hayahitajiki, mshukuru, mtafute mwingine.

Jumamosi ijayo nakuja na kipimo cha radoni na kile cha mbao. Mumeo atafute barakoa nzuri, nguo za mikono mirefu na taa ya kichwani, na azime umeme wa chini kabla hajaingia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila magoti yangu hayainami tena. Mimi nitakaa pale mlangoni na tochi, nizungumze naye mpaka atoke.

Baba yako