Mama ana saratani, jirani anasema asinywe maji

Dada uliyeuliza, umesema mama ana saratani ya titi na jirani kawaambia mumpunguzie maji eti maji ndo yanalisha uvimbe. Kama daktari hajamkataza, mpe maji kwanza, haya mengine utasoma baadaye.

Mimi mtu wa maabara, niko Arua, Uganda, damu ndo kazi yangu ya kila siku. Vijana wakija kujifunza huwa nawawekea tyubu mbili, moja ina maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ingine maji matupu, naweka matone machache ya damu kila moja. Ile ya chumvi inabaki na ukungu mwekundu, ukiweka gazeti nyuma yake husomi kitu. Ile ya maji matupu, muda mfupi tu inang'aa kama sharubati, gazeti unasoma mpaka maandishi madogo. Chembe zimepasuka zote, maji yameingia kwa kasi utando ukashindwa.

Hiyo kasi iliwasumbua wataalam miaka mingi, maana utando wa seli ni mafuta, maji yanaupenya ndiyo lakini polepole. Peter Agre wa Marekani na wenzake ndo wakapata mlango wenyewe, protini iliyokuwa imejaa kwenye chembe nyekundu. 1992 wakaonyesha kwa mayai ya chura, yai lililofanywa litengeneze ile protini likiwekwa kwenye maji linavimba linapasuka, lisilokuwa nayo linakaa tu. Nobel ya kemia akapata 2003. Mlango unaitwa akwaporini, maji yanapita molekuli moja nyuma ya ingine, karibu bilioni 3 kwa sekunde kwa mlango mmoja! Na mlango hausukumi, maji yenyewe yanafuata kwenye chumvi nyingi, kama kitunguu cha kachumbari ukikitia chumvi kinavyotoa maji.

Sasa jirani yenu pengine alisikia kitu cha kweli akakigeuza. Seli nyingi za saratani, hata za titi, zina milango hii kuliko kawaida. Ila wanachokiona watafiti ni kwamba inazisaidia kutembea, seli inayohama inakusanya milango upande wa mbele, maji yanaingia hapo, utando unatokeza, seli inajipenyeza katikati ya zingine, ndo maana wanatafuta dawa ya kuiziba. Maji inayotaka ni kidogo sana na inayachota kwenye damu ileile ya mama, huwezi kuukausha uvimbe ukamwacha yeye.

Na mwili haukubali damu ikauke hivihivi. Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku, yaani jerikeni 9 za lita 20, na karibu yote inarudishwa kwenye damu. Ukiwa na kiu ubongo unatoa homoni ya vasopresini, figo zinaongeza milango ya maji, mkojo unakuwa kidogo na mzito. Uvimbe unaendelea kunywa, figo ndo zinaumia.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu shangazi yangu aliambiwa maneno hayohayo. Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, yuko kwenye sisplatini, dawa ya saratani iliyo kali sana kwa figo, ndo maana wanakutundikia dripu za maji wakikupa. Tukapanda basi la usiku kwenda Kampala, Karuma nikamnunulia chupa ya maji, akaishika mapajani mpaka tukafika asubuhi, kizibo hakijafunguliwa. Mimi nilidhani anaogopa kuomba basi lisimame. Walipopima damu kriatinini, ule uchafu ambao figo zinatakiwa kuutoa, imepanda, dozi ikaahirishwa, na hapo ndo akaniambia ana siku tatu anakunywa vijiko tu ili auue uvimbe kwa kiu. Nililia pale kwenye benchi. Mtu wa maabara, nyumba moja naye, na sikumuuliza.

Kwa hiyo muulizeni daktari mama anywe lita ngapi, maana mwenye moyo au figo mbovu anapewa kiasi chake. Mkojo ukiwa rangi ya chai au umepungua sana mwambieni nesi siku hiyohiyo. Na akija mwingine na ile ya kunywa jerikeni nzima kuosha saratani, mkatalieni pia, maji yakizidi sana chumvi ya damu inashuka, seli za ubongo zinavimba, mtu anachanganyikiwa, anaweza hata kufa.