Kisu cha kukunja kwa mtu wa kazi anayeishi pwani

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa kupokea mizigo hapa Tanga. Kila siku nakata kamba za katani na za nailoni, nafungua magunia na maboksi, na mchana namenyea chungwa kwa kisu hicho hicho. Nimekwisha kununua visu viwili vya kukunja kwa wachuuzi: kimoja kiliota kutu kwenye maungio, kingine kililegea hadi ubapa ukawa unacheza. Safari hii nataka kimoja kizuri kitakachodumu. Nichague chuma gani, na je, kifungio cha kuzuia ubapa usijikunje ni lazima? (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Visu vyako vyote viwili vimefia mahali pamoja, yaani kwenye ungio la ubapa na mpini, na hapo ndipo pa kuanzia, ingawa wanunuzi wengi huanza na makali au na sura ya mpini. Ungio la kisu cha bei ya chini mara nyingi ni ribiti laini iliyogongwa kwa nyundo: likilegea halikaziki, na chumvi ikiingia ndani huna namna ya kulifungua ukasafisha. Kwa matumizi yako ningetaka ungio la skrubu linaloweza kukazwa, lenye washa mbili nyembamba (visahani vyenye tundu) za shaba au za plastiki ngumu kati ya ubapa na mbavu za mpini. Ukiwa dukani, fungua kisu, shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa ubapa kwa mwingine, kisha usukume juu na chini na pembeni. Ukisikia mchezo wowote katika kisu kipya, kirudishe. Halafu kikunje na utazame ubapa ulivyolala: ukiegemea ubavu mmoja, kimeunganishwa vibaya.

Kuhusu chuma, watu wengi hudhani kwamba chuma cha pua ("stainless") hakishiki kutu kabisa, jambo ambalo si kweli, hasa kwetu huku. Chuma huitwa cha pua kikiwa na kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5, na kinachokilinda ni utando mwembamba mno ambao kromiamu hiyo huujenga juu yake kwa msaada wa oksijeni ya hewani. Chumvi ya bahari huutoboa utando huo, na katika upenyo mwembamba ambamo hewa haifiki vizuri, utando hushindwa kujijenga tena. Ndiyo maana kisu chako kilianza kuoza kwenye maungio wakati pengine ubapa wenyewe ulikuwa bado unang'aa.

Chuma cha kaboni hunoleka upesi na hukata vizuri sana, lakini asidi ya chungwa hukitia weusi papo hapo, na hewa ya Tanga humalizia kazi iliyobaki. Mtu anayependa kupangusa kisu kila baada ya kukitumia anaweza kuishi nacho. Karani mwenye foleni ya magari mlangoni hawezi. Kwako ningechagua chuma cha pua cha kiwango cha kati, kama 12C27, chenye kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu karibu 13.5, au ndugu yake 14C28N, ambacho kimeongezwa naitrojeni ili kistahimili kutu zaidi. Kuwa mwangalifu na aina ya chuma iitwayo D2, ambayo siku hizi husifiwa sana: ina kromiamu ya kama asilimia 12, lakini sehemu kubwa yake imefungwa na kaboni na kuwa chembe ngumu, hivyo inayobaki kulinda chuma ni kidogo. Wapo pia watengenezaji wanaotumia vyuma vya naitrojeni kama LC200N vinavyowafaa watu wa baharini. Ni vyuma vizuri kweli, ila bei yake ni ya mvuvi mwenye boti, si ya karani.

Maandishi yaliyochapwa kwenye ubapa yasikutishe wala yasikushawishi. Neno "stainless" peke yake halikuambii lolote kuhusu ubora, na hata namba ya chuma kama 440 bila herufi haitoshi, kwa sababu 440A ina kaboni ya asilimia 0.60 hadi 0.75 ilhali 440C ina 0.95 hadi 1.20. Mistari ya mawimbi kwenye visu vya bei nafuu mara nyingi ni mchoro wa asidi tu. Tena, ile mbinu ya kupima kwa sumaku ambayo akina mama huitumia kwenye sufuria haifai hapa: chuma cha pua cha visu, kwa kuwa kimefanywa kigumu kwa moto, hunasa sumaku kama chuma kingine.

Sasa kifungio. Kwa kumenya chungwa si lazima. Kwa kazi yako ninasema ni lazima. Unapochoma gunia kwa ncha na kusukuma, nguvu huweza kuukunja ubapa kuelekea vidoleni, na springi ya kawaida ya mgongoni haitauzuia. Visu vidogo vya Victorinox vya milimita 91, ambavyo ni imara na vyenye chuma kinachovumilia, vingi havina kifungio, na kwa sababu hiyo pekee nisingekupa hicho kama kisu cha magunia. Opinel ya Ufaransa ina pete inayozungushwa kufunga ubapa, ubunifu wa mwaka 1955, na ni rahisi kuielewa na kuisafisha. Namba 8, yenye ubapa wa sentimita 8.5, hupatikana pia kwa chuma cha pua. Kasoro yake kwetu ni mpini wa mti: unyevu wa masika huuvimbisha, na ubapa ukawa mgumu kufunguka. Kama utapata kisu chenye mpini wa plastiki ngumu na kifungio cha mgongoni, au kile cha ulimi wa chuma unaojitega nyuma ya ubapa, kitakufaa zaidi. Visu vinavyofyatuka kwa kitufe viache: springi yake hujaa mchanga, na askari akikukuta nacho maswali yatakuwa mengi.

Ubapa wa sentimita 7 hadi 9 unatosha, na unene wa milimita 2 hadi 3 mgongoni. Mnene zaidi ya hapo hupasua badala ya kukata. Makali ya meno hukata kamba haraka yakiwa mapya, lakini jiwe bapa haliyanoi. Ni afadhali makali laini yaliyonolewa kwa jiwe la namba 400 na kuachwa bila kung'arishwa, kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande, kwa kuwa ukwaruzo huo mdogo ndio unaouma katani.

Tafadhali usimpe mnoaji wa baiskeli kisu hiki. Simdharau, panga na jembe anavitendea haki, lakini jiwe linalozunguka kavu huchemsha makali membamba, na ukiona rangi ya buluu ujue chuma hapo kimeshapoteza ugumu na hakitarudi hadi sehemu hiyo iondolewe yote.

Jioni ukitoka kazini, suuza kisu kwa maji yasiyo ya chumvi, hasa kwenye ungio, kiache wazi kikauke, kisha mara moja kwa wiki tia tone moja la mafuta. Mafuta ya cherehani yanafaa ungio, ila kwa kuwa unamenyea matunda, ubapa upake parafini ya maji inayouzwa famasi. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi baada ya muda na kunasa vumbi la katani. Ukisafiri kwa ndege, kisu kiweke kwenye mzigo unaokabidhiwa kaunta, kwa maana hakiruhusiwi kuingia nawe ndani.