Acha Jedwali, Sogeza Mstari

Juzi mama mmoja, msomaji wangu, aliniandikia: "Mwalimu, mwanangu yuko kidato cha pili. Kila akichora grafu mstari unapinda. Nimsaidieje?" Nilirudia kuusoma ujumbe huo, nikajiona mwenyewe.

Kidato hicho hicho tulipewa y = -2x + 3. Nikatengeneza jedwali kama tulivyofundishwa, x kuanzia -2 hadi 2. Hasi mbili mara hasi mbili, nikaandika hasi nne badala ya chanya nne. Hasi mbili mara hasi moja, nikaandika hasi mbili. Thamani za y zikaja -1, 1, 3, 1, -1. Nikaunga nukta kwa rula, likatokea paa la nyumba, kilele kwenye 3. Mwalimu akainua karatasi yangu darasa zima likaiona, likacheka. Kosa liko wapi, hakuniambia. Nimeshafundisha watoto wengi tuisheni, na kicheko kile bado nakisikia.

Jedwali lina kazi yake, lakini hesabu tano ni nafasi tano za kukosea, na ukimaliza hujui mstari umetokeaje. Mimi sasa natumia kijiti cha mshikaki.

Kilaze juu ya karatasi ya grafu kiwe y = x, kikipita sifuri na (1, 1) na (3, 3). Bana sifuri kwa kidole. Ile 2 ya y = -2x + 3 inaongeza kimo cha kila nukta mara mbili: (1, 1) inapanda hadi (1, 2), (3, 3) inafika (3, 6), na sifuri inabaki palepale. Kijiti kimesimama zaidi. Alama ya hasi inakipindua, kama kivuli cha mnazi majini: palipokuwa 2 panakuwa -2. Sasa toa kidole, na kwa ile +3 inua kijiti chote miraba mitatu bila kubadili mlalo wake. Sifuri imefika (0, 3), na (1, -2) imefika (1, 1). Chora.

Jumamosi binti mmoja wa tuisheni alichora mlinganyo ule ule ulioniaibisha, bila jedwali, mstari ukanyooka mpaka mwisho wa karatasi. Nilifurahi kuliko yeye.

Walimu wenzangu, na wazazi, tuache kuinua karatasi za watoto hewani. Mtoto aliyekosea anahitaji mtu wa kuketi naye amwonyeshe ni hatua ipi imeteleza. Mwonyeshe mstari ukisogea, aushike kwa mkono wake, arudie na mlinganyo mwingine, na mwingine tena.

Mama, anza leo usiku. Mpangilio ni huo: kuzidisha kwanza, kuinua baadaye. Mstari wake ukikata mhimili wa y kwenye -6 badala ya 3, usimkaripie. Ameinua kabla ya kuzidisha, akapata -2x - 6. Mrudishie kijiti kwenye y = x aanze upya.