Kukagua IBAN katika programu ya malipo

Ndugu wa Kisumu, nimeelewa kwamba programu yako inakataa IBAN (nambari ya kimataifa ya akaunti ya benki) halali ya muuzaji wa vipuri aliyeko Ujerumani. Ondoa nafasi zote, kisha hakiki urefu, ambao kwa Ujerumani ni herufi na tarakimu 22 kwa jumla. Hamishia mwisho herufi mbili na tarakimu mbili za mwanzo, ugeuze herufi ziwe nambari (A ni 10, B ni 11, na kuendelea), DE ya Ujerumani ikiwa 1314, kisha ugawe kwa 97. Baki lazima liwe 1. Nashuku unakwama hapa, kwa kuwa nambari ndefu hivyo hupoteza tarakimu za mwisho ikihifadhiwa kama nambari ya kawaida. Igawe kipande kwa kipande, ukibeba baki. Akaunti za Kenya usizidai IBAN, kwani benki zetu hazitumii. Tafadhali kumbuka, baki sahihi halithibitishi kwamba akaunti ipo. Malipo makubwa yathibitishe kwanza na benki.