ESRCH si cheti cha kifo

Nimekutana tena na yale mabadiliko ya msimbo wa dibaga (programu ya kusakia makosa ya programu nyingine) ya Linux: kila ptrace, mwito wa kuishika na kuichunguza programu nyingine, inaporudisha ESRCH, kosa la "hakuna mchakato kama huo", futa thredi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya mchakato) kwenye orodha, endelea kimyakimya. Maelezo yake: "imeshakufa, puuza." Nani kaithibitisha hiyo maiti? Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Thredi kufa katikati ya kazi ni jambo la kawaida. Umesoma /proc/PID/task, orodha ya thredi za mchakato, unaanza kuchukua rejista za prosesa za kila thredi, moja baada ya nyingine, SIGKILL, signali ya kuua, inapita. Hata thredi uliyokwisha kuisimamisha inachomoka na kufa. Dibaga isianguke kwa hilo.

2. Ila ESRCH hiyohiyo huja pia thredi ikiwa hai, haijasimama tu, au huifuatilii wewe. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilipitisha maombi yote ya ptrace kwenye funksheni moja, ikiona ESRCH inafuta thredi. Makosa yaliisha kwenye skrini, nikatembea kifua mbele. Kumbe kwingine nilikuwa natuma SIGSTOP, signali ya kusimamisha, na kuomba rejista papo hapo, bila kusubiri waitpid, mwito unaoleta taarifa za thredi, ithibitishe kwamba thredi imesimama. Kwa hiyo nilikuwa nafuta thredi nzima, yenye afya. Baadaye ikisimama, waitpid inaniletea taarifa yake, mimi naona namba nisiyoijua, naitupa. Thredi inabaki imesimama milele, na kufuli (lock) imelikumbatia, wenzake wote wanasubiri. Mtumiaji akalalamika kwamba programu yake inaganda. Nikamjibu kwa ubingwa wote kwamba kufuli zake amezipanga vibaya, na maskini akaenda kuzipanga upya. Ikaganda vilevile. Kumwandikia kwamba kosa lilikuwa langu kulinichukua muda mrefu kuliko kulirekebisha.

Basi ukipata ESRCH, fungua /proc/PID/task/TID/status (TID ni namba ya thredi), usome State, yaani hali yake. Ikiwa t ndogo (imesimamishwa kwa ufuatiliaji), thredi bado iko mikononi mwako: kosa ni la kweli, lipigie kelele. Ikiwa Z (zombi) au X (mfu), au faili lenyewe halipo, imekwenda. Ikiwa R (inakimbia) au S (imelala), ama hukusubiri ama ndiyo inakata roho. Usiifute, acha waitpid itangaze msiba.

3. Kutuma signali kwa thredi, tumia tgkill, inayotaja na mchakato wake, si tkill, inayotaja namba ya thredi tu. Namba za thredi hutumika tena, na signali yako itampata asiyehusika.

4. Kwenye dibaga ya GDB, `thread apply all bt`, amri ya kuonyesha mlolongo wa miito wa kila thredi, hukoma kwenye kosa la kwanza. Weka -c uone kosa na kuendelea. Hiyo -s hulimeza, na ninyi kumeza mmezidi.

5. Thredi kuu ikiwa Z, msikimbilie kusema mchakato umekufa. Mmoja wenu juzi alifunga ripoti ya hitilafu kwa sababu hiyo, na programu ilikuwa inachapa kazi. Thredi kuu ikitoka peke yake kwa pthread_exit hubaki Z hadi wenzake waishe, na waitpid haisemi kitu hadi hapo. Kinyume chake ni execve, mwito wa kuanzisha programu mpya ndani ya mchakato uleule: ikiitwa na thredi nyingine yoyote, thredi hiyo huchukua namba ya kuu, na namba yake ya zamani hutoweka bila taarifa ya kifo. Namba hiyo iulizeni kwa ombi la ptrace la PTRACE_GETEVENTMSG kwenye tukio la exec, kuanzia Linux 3.0. Yule wa ripoti, ifungue tena.