Barua kwa mwanangu: nguzo za Leptis na watu wa Al Khums

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata, na zile picha za nguzo za Kirumi ulizopiga Virginia Water, pale ziwani huko Uingereza, nimezikuza kwenye simu mpaka mama yako kaniuliza natafuta nini. Umeuliza swali moja tu, baba, hizi nguzo Waingereza wazirudishe Libya au zibaki huku? Sasa mie kabla sijafika huko nataka nikupe habari za Al Khums, maana kila mtu anaongelea Leptis Magna, mji wa kale wa Kirumi kule Libya zilikotoka nguzo hizo, mji uliokwisha, na huu ulio hai pembeni yake, kilomita 3 hivi, hakuna anaeutaja, na watu wake ndio ninaowajua mimi.

Habari za kusoma kwangu Tripoli miaka ya themanini mumezisikia mpaka mmechoka, lkn hii sidhani kama nishawahi kukupa yote. Ijumaa moja mimi na Mganda mmoja wa chuoni tulipanda teksi ya kuchangia, tukaenda mashariki kama kilomita 120, tukashuka Al Khums tukamalizia kwa miguu. Wallahi sikuwa najua naenda kuona nini. Mji mzima umesimama mbele ya bahari, barabara za mawe, hamamu, ukumbi wa michezo ya kuigiza wenye ngazi zinazoangalia maji, na soko. Pale sokoni nilikaa sana. Pana jiwe limechongwa vipimo vya urefu, dhiraa za aina tofauti, ili mnunuzi wa kitambaa asipunjwe. Nililipapasa kwa kidole lile jiwe nikamkumbuka babu yako na duka lake. Soko lenyewe alilijenga tajiri wa hapohapo, Hannibal Tapapius, mwaka wa 8 kabla ya Kristo, na jina lake likaandikwa kwa Kilatini na kwa Kipuniki, lugha ya kwao, maana mji ulianzishwa na Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanon, kabla Roma haijafika, na utajiri wake ulikuwa mafuta ya zeituni.

Halafu kuna lile tao la Septimius Severus. Huyu alizaliwa hapo Leptis mwaka 145, akawa mtawala wa dola nzima ya Roma mwaka 193, na kafia hukohuko kwenu, York, mwaka 211. Mabishano ya rangi yake siyataki, alizaliwa Afrika na kwao akapakumbuka, kawajengea bandari, uwanja na basilika. Inasemekana lafudhi ya kwao haikumtoka mpaka uzee.

Basi nimesimama chini ya tao hilo, likaja basi la watalii wa Ulaya, na mmoja akanipungia mkono kama anaefukuza kuku, niondoke, nimemharibia picha. Hakusema hata tafadhali. Na mie nikaondoka! Miaka yote hii nikikumbuka bado damu inanichemka, maana mlango wa kwetu nimefukuzwa na mgeni, hivo ndivo nilivohisi ingawa mimi mwenyewe nilikuwa mgeni wa kutoka Unguja.

Aliyeona ni mzee mmoja aliyekuwa kakaa kivulini. Hakusema neno, alinishika mkono, mimi na yule Mganda, akatupeleka kwake Al Khums, mkewe akatuletea bazini, unga wa shayiri uliosongwa na kuwekwa katikati ya sinia, mchuzi wa nyama na mayai umeuzunguka, tukala kwa mkono sote sinia moja. Nilifurahi siku ile jamani, sijui nikwambieje. Akatuhadithia kwamba utotoni mwake, zama za Wataliani, alikuwa kibarua kule kwenye machimbo, anasukuma vitoroli vya mchanga, maana mji wote ule ulikuwa umefukiwa na mchanga kwa karne na karne. Akasema, mchanga ule nimeutoa kwa mikono hii, na tangu hapo wamekuja wakubwa wa kila aina, hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka nini.

Hapo ndipo nilipochukua msimamo wangu mnaonicheka nao: aulizwe anaekaa jirani na kitu.

Sasa nguzo zako. Mwaka 1816 balozi mdogo wa Uingereza Tripoli, Hanmer Warrington, alimuomba mtawala wa Tripoli, Pasha Yusuf Karamanli, na Pasha akakubali zichukuliwe apewe mwanamfalme wa Uingereza, ndio huyo aliyekuja kuwa George IV. Kwa karatasi kila kitu safi. Lkn wenyeji walipinga, na nguzo kadhaa zikavunjwa vipande kabla hazijapakiwa. Tatu kubwa zilishindikana kuingia melini, zikabaki ufukweni, mie nimezikuta zimelala mchangani. Zilizofika zilikaa miaka uani kwa British Museum, halafu mnamo 1826 zikaanza kupangwa pale ziwani kama pambo la bustani ya mfalme. Na kabla ya hao Wafaransa walishabeba zao nyingi za marumaru, karne ya 17, enzi za Louis XIV.

Pasha katoa ruhusa, sawa, lkn Pasha alikuwa anakaa Tripoli! Ni kama ule mlango wa bibi yako wa Malindi. Ami yako nae alikuwa na karatasi, sahihi ipo, shahidi yupo, na shangazi yako aliekuwa akilala ndani ya nyumba hakuulizwa, kaamka asubuhi anakuta mafundi wanang'oa fremu. Mengine unayajua, sirudii.

Lkn ngoja, nami nisijidanganye. Wenyeji hao hao walikuwa wakikata nguzo kufanya mawe ya kusagia. Na zile nyekundu unazoziona ni mawe ya Aswan, Misri, na zenye mistari ya kijani zimetoka Ugiriki, sasa tukisema kila jiwe lirudi kwao tutaishia wapi? Hili limeninyima usingizi kidogo. Halafu najijibu, aaah, hizo zililetwa Leptis zikajenga mji watu wakaishi ndani yake, haziwi sawa na kupambia ziwa. Halafu tena nasema, lakini si angalau zimesimama.

Na ukiniambia Walibya hawawezi kutunza, hapo tutagombana. Serikali ilipoanguka 2011 na kila mtu ana bunduki, waliokwenda kulinda Leptis ni watu wa Al Khums wenyewe, wanapokezana zamu, mshahara hakuna. UNESCO wakauweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2016, na ni haki kuuweka, lkn orodha hailindi usiku. Yule mzee hakuwepo tena bila shaka, ila naamini wajukuu zake walikuwemo. Aulizwe anaekaa jirani, nakwambia.

Kwa hiyo hukumu sitoi. Ipo hapa kwenye ulimi na mama yako anajua nitasema nini, lkn nikiisema mimi nitakuwa sina tofauti na Pasha, mtu wa mbali anaamua. Wewe si una mwenzako Mlibya hapo kazini? Muulize kwao wapi. Akiwa wa Al Khums nipigie siku hiyo hiyo nizungumze nae mwenyewe, Kiarabu changu bado kipo. Akiwa wa Misrata au Tripoli msalimie tu, majibu yake usiniletee.

Na siku ukirudi pale ziwani nipigie picha ya kibao cha maelezo, nataka kuona kama Al Khums wameitaja.

Baba yako